*DENI LA BODI: TULIPE, LAKINI KIWANGO KIENDANE NA KIPATO*



Tangu ajira mpya zitoke, wanachama wetu kadhaa, hasa walimu na wauguzi vijana, wameuliza kuhusu makato ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB). Huu ndio msimamo wa Tawi.

*Kwanza, deni ni halali na lilipwe.* Fedha ile ni ya umma. Mtoto wa mkulima anayeingia chuo mwaka huu anasubiri marejesho ya waliomtangulia. Hatuungi mkono wanaojificha.

*Pili, tujue masharti.* Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukata na kupeleka Bodi. Aliyejiajiri anajilipia mwenyewe kwa kuchukua kumbukumbu namba. Kiwango kinachotajwa ni asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi au Sh 100,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa. Kwa hiyo aliyekimbia deni kwa hofu ya riba kuongezeka, arudi akaangalie salio lake.

Na wewe unayekatwa kila mwezi, usiridhike kwa kuona makato kwenye hati ya mshahara. Omba taarifa ya deni Bodi, linganisha. Kama mwajiri anakata na hapeleki, deni linabaki jinsi lilivyo na jina linalosomeka ni lako. Tunza hati zote, na deni likiisha dai barua ya kumaliza mkopo.

*Tatu, kiwango chenyewe hakina haki.* Hadi mwaka 2016 wengi walikuwa wanakatwa asilimia 8. Sheria ikabadilishwa, ikawa 15, hata kwa waliosaini mikataba wakati kiwango ni kile cha zamani. Tupige hesabu. Mwenye mshahara wa msingi wa Sh 700,000 anakatwa na Bodi Sh 105,000. Kodi ya PAYE kwenye mshahara huohuo haifiki nusu ya kiasi hicho. Bado hajakatwa pensheni na bima, hajalipa kodi ya nyumba, hajatuma chochote nyumbani.

PAYE inapanda kwa ngazi: mshahara usiozidi Sh 270,000 hautozwi kabisa, na mwenye kingi anatozwa zaidi. Makato ya Bodi hayana ngazi. Wa Sh 270,000 anatoa asilimia 15, yaani Sh 40,500, na meneja wa milioni tano anatoa asilimia hiyohiyo. Meneja anabaki na zaidi ya milioni nne kabla ya makato mengine. Huyu wa kwanza anabaki na nini? Kama Serikali inakubali kwamba mtu huyu ni mnyonge mno kulipa kodi, inawezaje kusema ana uwezo wa kukatwa mkopo kuanzia shilingi ya kwanza?

Na kijana mwenye shahada anayeendesha bodaboda ya mkataba, laki moja kila mwezi ataitoa wapi? Tukimwekea kiwango asichokiweza hatalipa chochote, na Bodi itakosa hata ile elfu ishirini ambayo angeiweza.

*Tawi linapendekeza:*
1. Mshahara usiotozwa PAYE usikatwe na Bodi.
2. Makato yapande kwa ngazi, yaanzie chini ya asilimia 8.
3. Aliyejiajiri alipe kwa kipato halisi, bila kima cha chini cha laki moja.

Watakaosema haiwezekani wakumbuke kwamba ile asilimia 6 nayo ilionekana haiguswi. Wafanyakazi walilalamika miaka mingi, mwisho ikafutwa.

Wanachama wenye mikopo waje kikao kijacho cha Tawi na hati zao za mshahara, tukusanye mifano halisi na kuipeleka ngazi ya Kata, kisha Wilaya. Asiyeweza kufika amtumie Katibu wa Tawi, majina yatahifadhiwa.

Imetolewa na:
*Kamati ya Uenezi ya Tawi*