Chupa Mbili za Sajini

Wiki hii nimepokea barua ya mama mmoja, mke wa sajini. Asema kwamba mumewe alirejea kutoka safari ya kazi na chupa mbili za wiski ya Ayalandi. Moja ni Bushmills, nayo imeandikwa 1608. Nyingine ni Jameson, nayo imeandikwa 1780. Bwana amezifungia sandukuni akinena kwamba vinywaji hivyo vina umri wa karne, na kwamba vitazidi kuzeeka hata siku kijana wao aingiapo sekondari, ndipo viuzwe vilipe ada. Mama auliza: je, hiyo ni akiba?

Mama, hiyo si akiba. Nawe Bwana Sajini, nakuomba usikasirike kabla hujasikia sababu.

Mwaka 1608 si umri wa kinywaji. Ni mwaka ambao Mfalme James wa Kwanza alimpa Sir Thomas Phillips leseni ya kukeneka pombe katika eneo hilo la kaskazini mwa Ayalandi. Kampuni yenyewe ya Bushmills iliandikishwa baadaye, mwaka 1784. Kadhalika 1780 ni mwaka unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiwanda cha John Jameson, mtu wa Scotland, katika mtaa wa Bow Street mjini Dublin. Kiwanda hicho kiliacha kukeneka mwaka 1971.

Basi wiski huzeekaje? Shayiri hugeuzwa kuwa pombe, pombe huchemshwa, na mvuke wake hunaswa na kupozwa. Aghalabu huko Ayalandi hurudiwa mara tatu. Maji hayo makali hutiwa katika mapipa ya mti, na sheria yataka yakae humo muda usiopungua miaka mitatu. Mti ndio unaoyapa rangi na ladha. Yakishatiwa katika chupa, kuzeeka kumekwisha, kwa maana kioo hakitoi kitu. Chupa ikiandikwa miaka 10, itabaki kuwa ya miaka 10 hata ikilala sandukuni miaka 20. Zipo chupa adimu ambazo matajiri huzigombea, lakini hizi za kawaida hutengenezwa kwa mamilioni.

Tena jina la chupa si lazima liwe jina la kiwanda. Jameson, Powers, Paddy na Redbreast, zote hukenekwa mahali pamoja, Midleton, katika jimbo la Cork. Hayo yalitokana na msiba. Mwaka 1830 Aeneas Coffey, aliyekuwa afisa wa ushuru na aliyepata kupigwa na kujeruhiwa vibaya na wapikaji wa magendo, alipata hataza ya mtambo wa kukeneka mfululizo, kwa wingi na kwa gharama ndogo. Wakubwa wa Dublin waliudharau, wakitegemea sifa ya majina yao. Watu wa Scotland waliupokea, nao wakatwaa soko. Kisha vikaja vita vya uhuru wa Ayalandi, na Marekani ikapiga marufuku pombe tangu 1920 hadi 1933. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1966 kampuni tatu zilizosalia katika Jamhuri ziliungana, na mwaka 1975 kiwanda kipya cha Midleton kikaanza kazi. Katika kisiwa kizima vikabaki viwili tu, Midleton na Bushmills, mpaka kile cha Cooley kilipoanzishwa mwaka 1987. Siku hizi viwanda vimekuwa makumi tena.

Wasomaji wapenzi, wakubwa wale wa Dublin walikuwa na majina makuu na miaka mirefu kwenye vibandiko vyao, na havikuwaokoa. Havitamlipia ada kijana wa sajini pia.

Shauri langu ni hili. Bwana, ukipata mnunuzi wa haki leo, ziuze, na fedha hizo zitiwe benki kwa jina la mtoto. Usipompata, zihifadhi kwa siku ya furaha, mnywe kidogo na wageni, si kwa usiku mmoja. Na kila mwisho wa mwezi, kabla ya kupita kantini, mpe mama sehemu ya mshahara aiweke. Hiyo ndiyo itakayokua.