Kiwanja cha ndege kisiuzwe kwa sababu ya hasara tu

Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo nimelisikia likibishaniwa hapa Mlandege, Manispaa ya Iringa, na bila shaka linabishaniwa na wananchi wa miji mingine pia. Jambo lenyewe ni hili: mji ukiwa na kiwanja cha ndege ambacho mapato yake hayalingani na gharama zake, je, kiuzwe ili fedha zifanye kazi nyingine?

Wanaosema kiuzwe wana hoja yao, wala si haki kuwabeza. Wanasema kwamba wananchi wengi hawajapanda ndege na huenda wasipande kamwe. Wanauliza kwa nini fedha za umma ziwatunzie watu wachache njia ya kusafiria, wakati zahanati hazina dawa za kutosha na barabara za vijijini hazipitiki wakati wa masika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Watoto wanaobanana kwenye dawati moja ndio ninaowafundisha kila siku. Mtu akiniambia kwamba kiwanja kikiuzwa yatapatikana madawati, lazima nimsikilize. Lakini nikimaliza kumsikiliza napiga hesabu, na hesabu hiyo haikubali.

Kwanza ieleweke kwamba hapa kwetu halmashauri haina kiwanja cha kuuza. Viwanja vya ndege vya Serikali Tanzania Bara, zaidi ya 50, viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kiwanja chetu cha Nduli ni kimojawapo. Kwa hiyo mbishano wa Mlandege kwa kweli ni mbishano wa Taifa zima.

Pili, tuelewe kwa nini kiwanja kidogo hupata hasara. Kiwanja hupata fedha kutokana na ada ya ndege kutua, ada ya abiria, kodi ya maduka na maegesho ya magari. Gharama zake ni gari la zimamoto na watu wake, walinzi, uzio, taa, na matengenezo ya njia ya kurukia. Gari la zimamoto lazima liwepo, itue ndege moja au zitue kumi. Kwa hiyo kiwanja chenye ndege chache kitapata hasara hata kikiongozwa na malaika. Ndiyo maana katika nchi nyingi kiwanja kikubwa huvilisha vidogo, kama vile mtoto mwenye mshahara mjini anavyowasaidia wadogo zake walio shuleni. Hatusemi kwamba wale wadogo ni hasara. Tunasema bado wanakua.

Sasa naomba wasomaji wenzangu tujiulize: ni nani atakayenunua kiwanja kinachopata hasara? Anayenunua ng'ombe asiyekamwa hatafuti maziwa, anatafuta nyama. Nyama ya kiwanja cha ndege ni ardhi: eneo kubwa, tambarare, lililo karibu na mji. Mnunuzi wa namna hiyo atavumilia miaka michache, kisha ataomba ruhusa ya kukata viwanja vya nyumba. Hilo si jambo la kubuni. Katika miaka ya 1990 tuliuza viwanda vingi vya umma, na baadhi ya walionunua waliving'oa mashine na kuvigeuza maghala, mpaka Serikali ikalazimika kuvitwaa tena baadhi yake. Kiwanda kilichokufa kinaweza kufufuliwa mahali pengine. Lakini njia ya kurukia ndege ikishajengwa nyumba haifufuliwi.

Wenzetu wa Mbeya wanajua gharama ya kukosa nafasi. Kiwanja chao cha zamani kilibanwa na jiji, hakikuweza kupokea ndege kubwa, na ikabidi kijengwe kingine Songwe, nje ya jiji. Ujenzi huo ulichukua zaidi ya miaka 10, na ndege za abiria zilianza kutua huko Desemba 2012. Hata baada ya hapo wasafiri waliendelea kuteseka kwa miaka kadhaa, kwa sababu ya ukungu na kukosekana kwa taa za kuongozea ndege. Hiyo ndiyo bei ya kutafuta kiwanja upya.

Wapo watakaosema: basi tusiuze, tukodishe. Hapo kidogo tunaweza kuelewana, lakini tujifunze kwanza kutokana na Kiwanja cha Kilimanjaro. Kiwanja hicho kilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 1998 kilikodishwa kwa kampuni ya KADCO kwa muda wa miaka 25, kampuni ambayo wawekezaji binafsi walikuwa na hisa nyingi na Serikali hisa chache. Mwaka 2009 Serikali ilizichukua hisa zote. Hata hivyo kampuni iliendelea kuendesha kiwanja hicho kando ya Mamlaka, hadi mwaka 2023 uendeshaji uliporudishwa kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Na katika miaka hiyo yote mgogoro wa ardhi kati ya kiwanja na wananchi wa vijiji vya Hai na Arumeru ulikuwa ukiwaka.

Mimi naona mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba kiwanja kilirudi kwa sababu kilikuwa kimekodishwa tu. Kingekuwa kimeuzwa, leo tungekuwa tunasimulia. La pili ni kwamba hata kukodisha kwa miaka 25 ni kufunga mikono ya watu ambao hawakuwepo mezani. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa 1998 alikuwa mtu mzima mwenye familia mkataba ulipofikia mwisho. Mambo kama hayo yalitupata pia katika Shirika letu la Ndege, ambalo mwaka 2002 tuliliuzia Shirika la Ndege la Afrika Kusini asilimia 49 ya hisa, na mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika.

Majirani zetu wa Kenya nao walipitia mtihani huo. Mwaka 2024 wananchi walipata habari kwamba Kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, kingekabidhiwa kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Habari hizo zilivuja tu, hazikutangazwa kwa wananchi. Mwezi Septemba wafanyakazi wa kiwanja wakagoma, na mwezi Novemba Rais Ruto akaufuta mpango huo baada ya mwenye kampuni kushtakiwa huko Marekani. Sitaki kusema kama mpango ule ulikuwa mzuri au mbaya. Nasema kwamba mpango ambao wananchi wanausikia kwa kuvuja, hata ukiwa mzuri, utanuka.

Hata huko kwa matajiri mambo si rahisi. Mwaka 2008 jiji la Chicago lilikubali kukikodisha Kiwanja cha Midway kwa miaka 99, kwa dola zipatazo bilioni 2.5. Mwaka 2009 mpango ukafa kwa sababu waliotaka kukikodi walishindwa kupata fedha. Ikiwa jiji kama lile linaweza kuachwa njiani, halmashauri zetu zina kinga gani?

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba kila kilicho cha umma kinaendeshwa vizuri. Tuliona mashirika ya umma yakifa kwa uzembe na wizi, na walioyaua hawakuwa wageni. Lakini dawa ya mchungaji mzembe ni kumbadilisha mchungaji, si kuuza ng'ombe. Wala sitaki tudanganyane kwa ahadi kubwa. Chai ya Mufindi na maparachichi ya Njombe na Rungwe husafirishwa kwa wingi kwa meli, kwa hiyo asitokee mtu akatuambia kwamba kiwanja cha ndege kitamtajirisha kila mkulima. Manufaa yake ni ya namna nyingine: mgonjwa anayehitaji kufikishwa haraka kwa mabingwa, mtalii anayekwenda Ruaha akalala hotelini mjini na kununua chakula chetu, na dharura ambayo hakuna aijuaye siku wala saa. Nduli imerefushiwa njia ya kurukia kwa fedha nyingi miaka hii. Kuanza kuhesabu hasara kabla hatujaitumia vya kutosha ni sawa na kumfukuza mtoto shule kwa sababu hajaleta mshahara.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, ardhi ya kila kiwanja cha ndege cha umma ipimwe, iwekewe mawe ya mipaka na kupewa hati, na wananchi wanaostahili fidia walipwe kabla mgogoro haujaota mizizi. Pili, ardhi hiyo isiuzwe wala isiwekwe rehani. Tatu, vinavyoweza kukodishwa, kama vile maduka, mgahawa, maegesho na ghala la baridi, vikodishwe kwa wananchi na ushirika kwa zabuni ya wazi na kwa muda mfupi unaoweza kupitiwa upya. Nne, hesabu za kila kiwanja zibandikwe kila mwaka penye ofisi za halmashauri, kwa Kiswahili, ili mwananchi ajue kimepata nini, kimetumia nini, na nani ameshindwa kazi.

Kuhusu madawati yangu, nayataka, na nitaendelea kuyadai kwa viongozi wanaohusika. Lakini dawati huvunjika na kuhitaji jingine, wakati kiwanja kikishauzwa hakiuzwi mara ya pili. Anayeuza shamba ili anunue unga atakula mwezi huu. Mwezi ujao atakuwa mbele ya mlango wa aliyelinunua, akiomba kibarua cha kulilima.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mlandege, Iringa.