KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Pikipiki Ndogo ya Marehemu Mjomba

Nyumba nyingi hazikosi chombo kilichokufa ambacho hakuna mwenye moyo wa kukitupa. Kwetu hapa Mwansabombwe chombo hicho kilikuwa Honda ndogo ya magurudumu mafupi, aliyorudi nayo marehemu mjomba alipostaafu kazi ya mgodini Kitwe. Aliivusha mto Luapula kwa pantoni pale Chembe, kabla ya daraja la Levy Mwanawasa kufunguliwa mwaka 2008. Alipofariki, iliegemezwa nyuma ya jiko na kuku wakaifanya kiota. Siku moja alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, na mke wa mjomba akaniuliza, "Mwanangu, niiuze?" Nikamjibu, "Mama, nipe majuma manne kwanza."

Si chombo cha kudharauliwa. Mwaka 1961 Honda ilitengeneza pikipiki za namna hii kwa ajili ya watoto katika bustani ya michezo ya Tama Tech, karibu na Tokyo, ikitumia injini ndogo ya sentimita za ujazo 49 iliyotokana na Super Cub ya mwaka 1958. Baadaye ziliuzwa kwa jina la Monkey, yaani kima, kwa jinsi mtu mzima anavyojikunyata juu yake. Injini hiyo ya silinda moja imeigwa na viwanda vingi vya China, hata baadhi ya vipuri vinavyopatikana madukani leo huikubali. Lakini nenda na kipuri cha zamani mkononi ukalinganishe. Usinunue kwa kukisia.

Kijana wa mwisho wa mjomba, mwenye umri wa miaka 14, alikuwa msaidizi wangu. Tulitandika gunia safi tukapanga kila kipande kwa mfuatano wa kufunguliwa kwake, kama vile askari anavyopanga vipande vya bunduki yake anapoisafisha. Injini iliyolala miaka mingi haipigwi kiki kwa nguvu. Tuliondoa plagi, tukatia oili kidogo ndani ya silinda, tukaiacha usiku kucha, kisha tukaizungusha taratibu mpaka pistoni ikalegea. Tangi lenye kutu tulilitia siki na kokoto ndogo, tukalitikisa, tukalisuuza na kulianika hadi likakauka kabisa. Tundu la jeti ndani ya kabureta lilikuwa limezibwa na petroli iliyoganda. Tulilizibua kwa pumzi ya pampu, kwa maana waya hulipanua tundu na kuharibu kipimo. Platini zilisuguliwa kwa msasa laini, na nafasi ya plagi ikarekebishwa kuwa milimita 0.6.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilikuwa nikiosha vipande kwa petroli barazani, hali mke wangu anapika kwenye jiko la mkaa hatua chache kutoka nilipoketi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama nyoka hadi ufike kwenye moto. Karai liliwaka ghafla, na kijana yule alikuwa ameinamia karibu yake. Mimi nilikimbilia ndoo ya maji, jambo ambalo lingeutawanya moto; mke wangu akanizuia, akachota mchanga wa uani na kuuzima. Nyusi za kijana ziliungua, macho yakasalimika. Tangu siku hiyo tunaosha vyuma kwa maji ya sabuni, nje, mbali na moto wowote. Nawe usingoje fundisho kama langu.

Jambo la pili ni breki. Vitambaa vya breki vya zamani huenda vikawa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usilipulize, bali lifute kwa kitambaa kibichi na ukitupe mbali na watoto. Waya za breki zilizooza na tairi zilizopasuka hazitengenezwi: hununuliwa mpya. Haifai mashine kuwahi kwenda kabla haijaweza kusimama.

Katika juma la nne, kiki ya saba ikajibu. Moshi wa bluu ulitoka, kisha mlio mwembamba ukatulia. Mke wa mjomba alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akasimama kimya kitambo, akasema, "Alikuwa akisikika hivyo hivyo akirudi jioni." Habari ya kuiuza haikutajwa tena.

Kijana akaomba aende nayo Kashikishi kuleta dagaa. Nilimkatalia. Haina taa wala usajili, naye hana leseni wala umri. Na barabara ile ina malori ya samaki na waendesha baiskeli wengi, hasa Julai wageni wanapofurika kwa sherehe ya Mutomboko. Alinuna siku mbili. Sasa huiendesha uwanjani mbele yetu, amevaa kofia ngumu, na kila Jumamosi huipaka mnyororo oili bila kuambiwa.

Wazazi wenzangu, na hasa ninyi askari mnaorudi likizo kwa siku chache, tazameni nyuma ya jiko. Huenda pana kazi inayowangoja ninyi na watoto wenu. Anzeni kwa kuandaa mchanga.