INI LA MFANYA KAZI



Kila tukienda mazishini, ikiwa ni Nyatike, Rongo au Mbita, twasikia maneno yale yale. Marehemu alivimba tumbo, macho yakawa ya manjano, akakonda mpaka akaisha. Huyu atasema ni chang'aa, yule atasema ni chira. Na tajiri wake, ikiwa alifika, atasema mtu huyu alikuwa mlevi tangu zamani.

Pombe huharibu ini, hilo hatubishi. Lakini tumezika pia watu ambao hawakuonja pombe maishani mwao.

Adui mkubwa ni virusi vya homa ya ini, hasa vya B. Vimo katika damu. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, mtu humwambukiza mwenziwe kwa kulala naye, kwa wembe mmoja au kwa sindano. Vyaweza kukaa miaka mingi bila maumivu yo yote huku vikila ini. Sindano ya kinga ipo tangu miaka ya 1980, na Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga wote mwaka 2001. Basi wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, jihesabu.

Wavuvi wa Karungu na Muhuru wana taabu nyingine, kichocho cha matumbo, ambacho mayai yake hukwama katika ini na kulitia makovu. Tena kuna mahindi yenye ukungu. Sumu yake iliua watu 125 huko Ukambani mwaka 2004, na ikimkuta mwenye virusi vya B, saratani ya ini humkaribia zaidi.

Mabingwa wamevigawa virusi vya B kwa herufi, na hapa Kenya aina ya A ndiyo iliyo nyingi. Ni elimu nzuri, lakini isimwogopeshe mtu: sindano ya kinga ni ile ile kwa aina zote. Na wale wanaomeza dawa za Ukimwi zenye tenofoviri wajue kwamba dawa hiyo huzuia virusi vya B pia. Mwenye virusi hivyo akiiacha ghafula, ini laweza kuchafuka vibaya.

Sasa tuje kwa lililotuudhi. Kibarua mmoja, mfagiaji wa wadi, alichomwa na sindano iliyotupwa ndani ya mfuko wa takataka. Aliambiwa anawe kwa sabuni arudi kazini. Wauguzi wa wadi ile walikwisha kuchanjwa mara tatu. Yeye hakuulizwa, kwa kuwa ni kibarua! Je, damu huuliza kwanza kama mtu ameajiriwa kwa mwezi au kwa siku? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi awalinde watu wote wafanyao kazi hapo. Imesema wote.

Kwa hiyo twaomba kila tawi la Migori na Homa Bay liandike majina ya wafagiaji, wafuaji wa mashuka na wachukuzi wa takataka za hospitali ambao hawajapimwa wala kuchanjwa, vibarua wakiwamo. Sindano ni tatu, kwa muda wa miezi sita. Majina yafike kwa Katibu kabla ya mkutano ujao, tupate kwenda nayo kwa waajiri.