Mashine ileile, dozi ileile: Kwa nini mionzi inamponya mmoja na kugoma kwa mwingine?

Wanawake wawili wana saratani ya mlango wa kizazi, hatua ileile. Wanapigwa mionzi kwa dozi ileile. Mmoja uvimbe unayeyuka, mwingine unagoma. Kwa nini?

Sehemu ya jibu ni oksijeni.

Uvimbe wa saratani hukua hovyo, kama mtaa uliojengwa bila ramani: nyumba zinaongezeka, bomba la maji ni lilelile. Mishipa ya damu inakuwa michache na imepindapinda. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa haifiki hata robo ya milimita, imeshaisha. Seli za mbali hubaki na njaa ya hewa. Nyingi hufa, lakini nyingine hujibana na kuishi.

Hizo ndizo korofi. Mionzi huua seli kwa kuharibu vinasaba vyake, na oksijeni hufanya jeraha hilo liwe gumu kutibika. Bila oksijeni, seli inaweza kuhitaji dozi mara 2.5 hadi 3 ndipo ife.

Jambo hili si geni. Mwaka 1955, Thomlinson na Gray wa Uingereza walichunguza uvimbe wa mapafu na kuona seli zilizo karibu na mishipa ziko hai, za mbali zimekufa.

Ndiyo maana mionzi hutolewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Dozi ya leo inaua seli zenye hewa, zilizobaki zinapata oksijeni, dozi zinazofuata zinazikuta zimelainika. Ukikatisha tiba, saratani inapata nafasi ya kuzaliana upya.

Hapa ndipo penye shida kwetu. Saratani hii inaongoza kwa wanawake Tanzania, na wengi hufika hospitali wamechelewa: uvimbe mkubwa, damu imewatoka sana. Damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye uvimbe nayo inapungua. Anayevuta sigara anaongeza tatizo, kwa sababu moshi wake unakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu.

Denmark huwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo dawa ya nimorazole, inayofanya seli zenye njaa ya hewa zisikie mionzi.

Kwetu tunashangilia mashine mpya, na ni haki. Lakini mashine haimalizi kazi peke yake. Mama anayetoka mkoani kwenda Ocean Road anahitaji pia kipimo cha damu mapema, nauli na pa kulala mpaka dozi ya mwisho.

Una mgonjwa nyumbani? Muulize daktari: damu yake ikoje? Na asiruke siku.