Tusimnyang'anye Bibi Jembe Lake

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kijijini kwetu, wilayani Kahama, nikiwa tayari daktari bingwa. Nilimkuta bibi yangu, mwenye umri wa miaka 81, ameinama shambani akipalilia karanga. Niliona aibu. Nikamwajiri msichana wa kazi, nikanunua godoro zuri, nikaagiza bibi asishike jembe wala ndoo. "Mume wangu," aliniuliza, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "hata jembe umenificha?" Nilicheka. Baada ya miezi minane hakuweza kunyanyuka kitini bila kushikwa mkono. Kabla ya mwaka kwisha alianguka, akavunjika nyonga, na hakutembea tena peke yake.

Sikumdhuru kwa chuki, bali kwa mapenzi yaliyokosa maarifa, nami niliyasoma maarifa hayo chuoni.

Kosa langu naliona likirudiwa kila wiki. Vijana wetu wako Geita, Bulyanhulu na kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Hutuma fedha kwa simu, pamoja na amri: mzee apumzike. Fedha ni njema. Amri ndiyo yenye hatari. Msuli usiotumika hunyauka upesi. Katika utafiti mmoja, wazee wenye afya waliokaa kitandani kwa siku 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mzee hupoteza haraka, na hurejesha kwa taabu.

Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 na zaidi, mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha mwili usiyumbe siku tatu kwa wiki. Mzee wa Usukumani hahitaji ukumbi wa mazoezi. Anaweza kwenda mnadani kwa miguu, kupalilia bustani asubuhi, kufuata kuku, kukata viazi vya michembe, na kuketi na kusimama mara 10 bila kujishika.

Sisemi abebe ndoo ya lita 20 au alime kutwa juani. Kazi nzito tumpunguzie, kazi nyepesi tumwachie. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au akianguka, apelekwe kituo cha afya. Magoti yakiuma, atembee kidogo kidogo kwa mkongojo. Kukaa kabisa huyafanya yakakamae zaidi.

Kwenu wahudumu wenzangu: mzee akifika, msiishie kupima shinikizo la damu. Muulizeni kama ameanguka mwaka huu. Mwombeni asimame kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Kagueni dawa zake, macho yake na miguu yake.

Lipo jambo jingine tunalolinong'ona tu. Katika mikoa yetu wako bibi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Mwanamke aliyepikia kuni na samadi kavu miaka 50 atakosaje macho mekundu? Moshi na maradhi ya macho ndiyo sababu. Bibi anayeogopa kuonekana njiani hujifungia ndani, na ushauri wetu wa kutembea humwia maneno matupu. Kwa hiyo elimu ya macho mekundu, itolewe kliniki na katika mkutano wa kijiji, ni sehemu ya matibabu yake. Jiko lenye bomba la kutolea moshi nalo ni dawa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa hazina ya taifa. Hazina haifungiwi chumbani. Wengi wao ndio wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako machimboni. Wakianguka wao, nyumba nzima huyumba.

Wewe uliye mbali, utakapopiga simu nyumbani jioni hii, usiulize tu kama bibi amekula. Muulize leo amefanya kazi gani, na kesho anakusudia kwenda wapi.