Koti jekundu la gwaride na koti la mtumba: sare za jeshi ni za nani?

Tarehe 12 Desemba, Kenya inapoadhimisha Sikukuu ya Jamhuri, wengi wetu hulifuata gwaride kwa redio. Mtangazaji husimulia wanajeshi waliovaa makoti mekundu, na bendera ya kikosi ikipitishwa mbele yao kwa mwendo wa pole. Msikilizaji aliye shambani haioni nyekundu ile, lakini anaijua. Leo tunaeleza ilitoka wapi, maana habari yake inafika hadi kwenye koti la mabakamabaka ambalo huenda ulilinunua mnadani kwa bei ya kutupa.

Koti jekundu ni la Uingereza. Mwaka 1645, Bunge la huko likiwa vitani na Mfalme Charles wa Kwanza, liliunda jeshi jipya na kulivika nyekundu. Wengi husema rangi hiyo ilichaguliwa ili damu isionekane. Si kweli. Damu ikikauka juu ya kitambaa chekundu huacha doa jeusi linaloonekana vizuri tu. Sababu ilikuwa bei: rangi ilitengenezwa kwa mizizi ya mmea uliopatikana kwa wingi, kwa hiyo askari wengi wangeweza kuvikwa kwa fedha kidogo. Maofisa walivaa nyekundu kali zaidi, iliyotokana na wadudu wadogo walioletwa kutoka Amerika, na hiyo ilikuwa ghali. Hata ndani ya nyekundu, basi, cheo kilijulikana.

Bendera nayo ilikuwa na kazi. Bunduki za zamani zilitoa moshi mzito, askari akapotezana na wenzake. Ilibidi aijue bendera ya kikosi chake kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake, ili akiiona akimbilie hapo. Ndiyo maana ilipitishwa mbele ya safu, taratibu, kila mtu aitazame. Moshi uliisha zamani, desturi ikabaki.

Kilichoiondoa nyekundu vitani ni bunduki zinazolenga mbali. Mara nyingi hutajwa kwamba Waingereza walipigana wakiwa wamevaa nyekundu kwa mara ya mwisho huku huku Afrika, Sudan, Desemba 1885. Badala yake ikaja kaki. Neno hilo tunalitumia kila siku bila kufikiri: bahasha ya kaki, kaptula ya kaki ya mwanafunzi. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya vumbi, na rangi yenyewe ilianza kuvaliwa na kikosi cha Waingereza huko India katika miaka ya 1840. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902, tunawaona katika picha za zamani wakiwa na kaki na tarbushi, wengi wao miguu mitupu.

Uhuru ulipokuja, vikosi hivyo vilibadilishwa majina. Tanganyika Rifles, Uganda Rifles na Kenya Rifles vyote vilitoka KAR. Tanganyika ilikwenda mbali zaidi: baada ya maasi ya askari Januari 1964 jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa JWTZ. Kenya iliendelea na desturi nyingi za Kiingereza, na gwaride la Jamhuri ni mojawapo. Hatuoni aibu katika kuazima. Karibu kila jeshi duniani limeazima kitu. Tunalolisema ni kwamba rangi hizi si za asili kama tunavyodhani. Zinakuwa za taifa kwa sababu sheria inasema hivyo.

Na hapo ndipo raia anapoguswa. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wananchi wenye sare za jeshi, au mavazi yanayofanana nazo, wazisalimishe. Sababu iliyo nyuma ya katazo kama hilo ni nzito. Ukisimamishwa usiku njiani na mtu mwenye magwanda, unasimama. Jambazi analijua hilo.

Lakini neno “yanayofanana” ni pana mno. Hakuna muuza mitumba mwenye koti jekundu la gwaride. Alichonacho ni jaketi la mabakamabaka lililotoka Ulaya au Marekani, lililoshonwa kwa ajili ya wawindaji au vijana wapenda mitindo. Mwendesha bodaboda analinunua kwa sababu ni zito na linazuia upepo. Analifanananisha na nini, na nani alimwonyesha picha?

Uganda inaonyesha neno hilo linaweza kufika wapi. Septemba 2019 serikali iliweka kofia nyekundu katika orodha ya mavazi ya kijeshi. Ni kweli polisi wa jeshi la Uganda huvaa kofia ya rangi hiyo. Ila wakati huo ilikuwa pia alama ya wafuasi wa Robert Kyagulanyi, Bobi Wine, na uchaguzi wa 2021 ulikuwa unakaribia. Baadaye wapo wafuasi wake walioshtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kukutwa na vifaa vya jeshi. Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema raia hawapaswi kushtakiwa huko. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria mpya inayoruhusu, na Juni Rais akaitia saini.

Kwa maoni yetu, mzigo wa kwanza ungebebwa na anayeingiza marobota bandarini, si na anayenunua jaketi moja gulioni. Na orodha ya mavazi yaliyokatazwa, yenye picha, ingebandikwa katika ofisi ya kila kijiji, mahali watu wanaposoma matangazo ya mbolea na chanjo.

Kwa sasa, ukiwa na vazi la namna hiyo na una wasiwasi, usimpe mtoto, usimvishe kibarua, wala usilivalie safarini. Mwonyeshe kwanza mwenyekiti wa kijiji au chifu, akiwepo shahidi, kisha mlipeleke kituo cha polisi pamoja, na mwombe aliyelipokea aandike kwamba mmelisalimisha kwa hiari.